*TAARIFA KWA WANACHAMA WA TAWI: BENDERA YA TAIFA HATUIACHI*



Katika kikao chetu kilichopita ilitolewa hoja kwamba tuache kupeperusha bendera ya Taifa kwenye mikutano ya tawi, eti kwa sababu "ile kijani ni ya CCM". Wapo waliopiga makofi. Kamati imekaa, imeijadili, na jibu letu ni *HAPANA*.

*Kwanza, tuhesabu miaka.* Bendera hii ni ya mwaka 1964. CCM imezaliwa tarehe 5 Februari 1977. Aliyeikuta nyumba imeshajengwa hawezi kuwa ndiye mwenye nyumba.

*Pili, tuseme ukweli wote.* Ni kweli kijani na nyeusi zilitoka TANU, na bluu, nyeusi na kijani zilikuwa rangi za ASP. Lakini mwaka 1961 Tanganyika haikuichukua bendera ya TANU kama ilivyo. Iliongezwa mistari ya dhahabu, ikawa bendera ya nchi. Baada ya Muungano ikaingia bluu ya Zanzibar, rangi zikapigwa mshazari: kijani juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili, na pembetatu hizo mbili zinalingana. Waasisi wenyewe walijua kuwa chama ni chama na nchi ni nchi. Leo sisi ndio tusahau?

*Tatu, tusome maana yake.* Kijani ni ardhi na uoto wake. Shamba la mahindi halina kadi ya chama. Bluu ni maji yetu: bahari, maziwa na mito. Dhahabu ni madini. Nyeusi ni wananchi, na ndiyo inayokatisha katikati kutoka kona hadi kona. Hakuna rangi hata moja inayomaanisha chama, si chao wala chetu.

Ndugu zetu, anayevaa kijani akadai bendera ni yake anapotosha. Lakini sisi tukiishusha, tutakuwa tumempa kwa mikono yetu kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Tunapouliza dhahabu inayochimbwa inamfaidisha nani, tunapodai ardhi ya wanakijiji na maji ya bomba, tunadai yaliyomo kwenye bendera hiyo hiyo. Tutayadai vipi tukiwa tumeitupa?

*Kwa hiyo tumeazimia:*
1. Bendera ya Taifa itapepea katika kila mkutano wa tawi.
2. Bendera ya chama itakuwa na mlingoti wake. Zisichanganywe.
3. Kabla ya kuipandisha, hakikisheni kijani iko juu. Iliyochanika au kupauka isitumike.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kikaoni, tumsikilize. Ila bendera haishuki.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.*
Tafadhali sambaza kwenye magrupu yote ya tawi.