Tumjue mnyama kabla ya kumchinja

 

Ndugu zetu Waislamu wa Mwanza na mwambao wote wa Ziwa Victoria, tunaishi katikati ya nchi ya mifugo. Toka Misungwi, Magu, Kwimba na Sengerema hadi mikoa jirani ya Simiyu, Shinyanga na Geita, hakuna wiki inayopita pasipo mnada. Hata hivyo, wanaowajua wanyama hawa ni wafugaji wa vijijini, ilhali wengi wanaonunua kwa ajili ya Idi ni watu wa mjini ambao humwona kondoo mara moja kwa mwaka. Katika pengo hilo ndipo dalali anapopata riziki yake, na ndipo ibada za baadhi ya waumini zinapoingia kasoro pasipo wao kujua.

Tukumbuke kwamba Mtume wetu (SAW) alichunga kondoo wa watu wa Makka kabla ya kupewa utume, na alieleza kuwa hakuna Nabii ambaye hakuchunga. Katika Surat An-Nahl, aya ya 66, Mola wetu anatutaka tuzingatie namna maziwa safi yanavyotoka matumboni mwa wanyama hawa, baina ya kinyesi na damu. Kuzingatia huko ni elimu, na elimu hiyo inafaa kuanzia mdomoni mwa mnyama.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana meno ya mbele katika taya la juu. Mahali pake pana ufizi mgumu. Taya la chini lina meno manane ya mbele, nayo huanza yakiwa ya maziwa: madogo, meupe, yaliyosongamana. Baadaye jozi ya katikati hung'oka na kuota mawili makubwa, mapana kuliko jirani zake. Kwa kondoo jambo hilo hutokea baina ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu, na kwa ng'ombe wetu wa asili ni karibu na miaka 2 au baada yake kidogo. Kisha jozi nyingine hufuata moja baada ya nyingine, hata meno yote manane yakawa makubwa mnamo mwaka wa 4. Wanazuoni wa kale walilijua jambo hili vyema. Jina la umri wa mnyama anayefaa, thaniyy, limetokana na neno la Kiarabu la meno hayo ya mbele.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, ng'ombe wa udhiya awe amekamilisha miaka 2, mbuzi naye miaka 2, na kondoo mwaka 1, au awe amekwisha kung'oa meno yake ya mbele kabla ya hapo. Ndugu zetu wanaofuata madhehebu ya Hanafi wanamkubali mbuzi wa mwaka 1, na kondoo wa miezi 6 ikiwa ni mnene kiasi cha kufanana na wa mwaka mzima. Kwa hiyo anayekwenda mnadani amshike mnyama pua, afunue mdomo wa chini na kuhesabu. Ng'ombe mwenye meno mawili makubwa ametimiza umri. Kondoo mwenye meno mawili vivyo hivyo. Kwa mbuzi tuwe waangalifu zaidi, kwa sababu meno yake mawili huota kabla hajafikisha miaka 2. Anayefuata Shafi na atafute mwenye manne. Haya ni mambo ya nusu dakika, na muuzaji mkweli hatakasirika kuulizwa.

Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Al-Baraa bin Azib (RA) inataja aina nne za wanyama wasiofaa: chongo aliye dhahiri, mgonjwa aliye dhahiri, kiguru aliye dhahiri, na aliyekonda hata mifupa ikakosa uboho. Wanazuoni wa Shafi wameongeza mnyama aliyekatwa mkia au aliyepotelewa na sehemu ya sikio. Jambo hili linatugusa sana kanda hii, ambako kukata masikio kwa ajili ya alama ya ukoo ni desturi ya zamani. Tundu la hereni, au mpasuko usiopoteza nyama ya sikio, haudhuru. Sikio lililopunguzwa ni jambo jingine. Ama mnyama aliyehasiwa anafaa bila shaka. Nyama yake huwa nzuri, na kuhasiwa hakuhesabiwi kuwa kasoro.

Tuje sasa kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Katika siku za kuelekea Idi, ng'ombe jike huuzwa kwa bei nafuu kuliko dume la umri wake, na watu saba wanaochangia ng'ombe mmoja huvutwa na unafuu huo. Mara nyingi ng'ombe huyo ana mimba. Yapo machinjio ambako ndama ambaye hajazaliwa hutolewa tumboni na kutupwa kando pasipo mtu kushtuka. Kifikihi, wanazuoni wengi wa Shafi wameeleza kuwa mwenye mimba hatoshelezi kwa udhiya, ingawa wengine wamemkubali. Tukiacha hata hiyo hitilafu, ipo hadithi katika Sahihi Muslim ya siku ambayo Mtume (SAW), akiwa na Abubakar na Umar (RA), alikaribishwa na mtu wa Ansari. Mwenyeji wao aliposhika kisu, Mtume alimtahadharisha asimchinje mwenye maziwa. Huyo alikuwa mgeni mwenye njaa, na bado aliwaza kesho ya mwenyeji wake.

Kesho hiyo ina hesabu. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9 na siku kama 10. Mtamba wa asili wa Usukuma, anayekula majani tu, mara nyingi hufikisha miaka kama 4 ndipo azae mara ya kwanza, na baada ya hapo aghalabu hazai kila mwaka. Anayemchinja ng'ombe wa miaka 5 mwenye mimba ameondoa miaka mitano ya kazi ya mfugaji, ndama aliyekuwa njiani, na wale ambao wangemfuata. Kondoo ana haraka zaidi: mimba yake ni miezi 5, na jike aliyetunzwa vizuri huweza kuzaa mara tatu katika miaka 2. Huyu naye akichinjwa na mimba hasara ni ileile, ndogo kwa kipimo tu.

Dalili za mimba hazijifichi kwa mwenye kutazama. Tumbo la kwanza la ng'ombe, lile pipa kubwa la kuchachushia majani, limekaa ubavu wa kushoto. Ndama hujaza upande wa kulia. Kuanzia mwezi wa 5 hivi, mtu akisukuma kwa ngumi ubavu wa kulia kwa chini huweza kuhisi kitu kigumu kikirudi. Kabla ya hapo mtaalamu wa mifugo huweza kupima kwa mkono tangu mwezi wa 2 au wa 3. Kwa kondoo ni vigumu zaidi, kwa kuwa mwana hukua kwa kasi katika wiki 6 za mwisho tu. Njia iliyo salama ni kununua dume.

Hapa lakini pana fumbo ambalo hatuoni likizungumzwa vya kutosha. Sheria yetu inatupendezesha kuchinja mnyama aliye bora. Mfugaji naye anahitaji dume lililo bora ili lizae. Ikiwa kila Idi kondoo dume aliyekua haraka kuliko wenzake ndiye anayekwenda kisuni, wanaobaki kupanda majike ni wale waliokataliwa na wanunuzi, na watoto wao watafanana nao. Baada ya vizazi vichache kijiji kizima kina kondoo wadogo, na watu husema mbegu imeharibika, kana kwamba iliharibika yenyewe.

Tunaona njia ya kutoka ipo. Mfugaji achague dume bora wa kubaki, mmoja kwa majike 25 hivi, na wale wa daraja la pili awahasi mapema na kuwanenepesha kwa ajili ya soko la Idi. Dume la mbegu nalo lisikae zizini hata likapanda mabinti zake; kupandana kwa ndugu huleta watoto dhaifu na utasa. Likishatumika miaka 2 libadilishwe na la kijiji kingine, au liuzwe kwa udhiya likiwa bado na nguvu, kwani mnyama wa miaka 4 aliyenona anafaa kabisa. Kwa upande wa ng'ombe, uhamilishaji kwa chupa unapatikana kanda hii, na shamba la Serikali la Mabuki wilayani Misungwi limekuwa likizalisha mitamba kwa miaka mingi. Anayetumia uhamilishaji ajue kuwa ng'ombe huhitaji dume kila baada ya siku 21, kwa muda usiofika siku nzima, na ng'ombe wa nundu mara nyingi huonyesha dalili hizo usiku. Mchungaji anayelala fofofo hupoteza wiki tatu.

Ndama akizaliwa, anywe dang'a katika saa za mwanzo. Ndama na mwanakondoo huzaliwa bila kinga mwilini. Kinga yote huipata katika maziwa hayo mazito, na utumbo huipokea kwa muda wa siku moja hivi tu. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu. Ni sawa na kumnyang'anya mtoto ngao yake, halafu kushangaa maradhi yanapommaliza.

Tuseme pia juu ya familia za mjini zinazonunua mapema na kumfunga kondoo uani, Mabatini, Igogo au Nyakato, ili watoto wamzoee. Ni desturi nzuri. Lakini kondoo huyo ametoka porini alikokula majani, na akifika mjini humwagiwa ugali uliobaki, mahindi, wali, maganda ya viazi, kwa mapenzi tu. Ndani ya tumbo lake wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, waliozoea kuyeyusha majani. Wakipewa wanga mwingi kwa ghafla, wale wanaotengeneza asidi huwashinda wenzao, tumbo huchachuka, mnyama huacha kucheua, huvimba ubavu wa kushoto, na siku ya pili au ya tatu amekufa. Familia hulaumu jicho la jirani. Mpeni majani makavu kwa wingi na maji safi; pumba ziongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Mashudu ya pamba, ambayo kanda yetu imejaaliwa, hunenepesha vizuri yakichanganywa na majani. Na majani hayo yasikatwe kwenye tope la ufukweni. Konokono wa maji hubeba vijidudu vya minyoo ya ini ambavyo hung'ang'ania majani ya mabwawani. Mchinjaji yeyote wa Mwanza ameshaona ini lililojaa minyoo bapa kama majani madogo. Ini la namna hiyo halifai kuliwa, na mkaguzi wa nyama aitwe hata kama mnachinjia nyumbani.

Safari ya mnyama nayo ni sehemu ya ihsani ambayo Mtume (SAW) aliiamuru katika kuchinja, pamoja na kunoa kisu. Mtu hatimizi amri hiyo kwa kunoa kisu vizuri, akiwa amemleta kondoo juu ya pikipiki, amefungwa miguu minne, kichwa kinaning'inia, toka mnada wa Nyamatala hadi mjini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza mateso kama hayo. Hata nyama husema: mnyama aliyehangaika sana humaliza sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake, nyama ikawa nyeusi na kuharibika upesi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, malori ya mifugo yatokayo Sengerema na Geita hayalazimiki tena kungoja kivuko juani. Udhuru wa safari ndefu umepungua.

Rai yetu kwa kamati za misikiti ni kwamba zisingoje mwezi wa Mfunguo Tatu. Waumini 20 au 30 wa msikiti mmoja wanaweza kuingia mkataba na wafugaji wawili au watatu wanaowaamini, bei ikaandikwa, na madume yakatunzwa kwa ajili yao. Idi ya mwaka 2028, kwa hesabu ya kalenda na kwa kutegemea mwandamo, inatarajiwa mwanzoni mwa Mei. Kondoo wa kuchinjwa siku hiyo awe na mwaka mzima, na mama yake alimbeba miezi 5. Jumla ni miezi 17, yaani dume na jike wawe wamekutana kabla ya Desemba 2026. Heri ni kwamba Idi za miaka hii zinaangukia mwishoni mwa masika, majani yakiwa bado mengi, hivyo mnyama atanona kwa gharama ndogo. Mfugaji naye apewe sehemu ya fedha mapema. Asipopewa, Januari ikifika na mahitaji ya shule yakibisha hodi, atamswaga mnyama huyo hadi mnadani na kumuuza kwa yeyote atakayetoa fedha taslimu.