Mama Gavana, karatasi ya daktari ingali nyeupe

Kwa Mheshimiwa Mama Fifi Masuka Saini,
Gavana wa Jimbo la Lualaba,
Kolwezi



Mimi ni mweka daftari, cheo kingine sina. Huku mtaa wa Kasulo mtu akiugua na nyumbani kwake hakuna kitu, daftari hutoka mkobani likapita lupango kwa lupango, yaani kiwanja kwa kiwanja. Huyu anatoa faranga elfu moja, yule mia tano, mama muuza mikate anatoa mikate ishirini ili tukaiuze wenyewe. Tunaandika jina la mtoaji, jina la mgonjwa, na ugonjwa kama tulivyoambiwa na wenye mgonjwa. Ukurasa ukijaa tunafungua mwingine.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo ambalo daftari hilo limeshindwa. Lakini nianze na linaloliweza, maana nisingependa udhani tumekuja kulia tu.

Mama mmoja wa avenyu yetu alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, mama mzima, ila bili ilimzidi, na hospitali ikamkatalia kutoka. Hospitali siitaji. Desturi hiyo haina mwenyewe mmoja, na hakuna mtu wa nchi hii asiyeijua. Wiki ya pili ikamkuta analala kwenye mkeka koridoni, kitanda chake kimeshapewa mwingine. Zamu yake ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, alikuwa ameshaila tangu mimba ikiwa changa. Ndipo vijana wanaopiga karindula wakasema: tupeni Jumapili moja.

Karindula unaijua, Mama. Msomaji wa mbali na apate picha ya gitaa kubwa lenye tumbo la pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi. Wakaliweka njiani, watu wanapotoka kanisani kwenda sokoni. Kila apitaye akatungiwa ubeti papo hapo: jina lake, rangi ya shati lake, tumbo lake, pikipiki yake mpya, na yule mama aliyelala koridoni anamwangalia. Ubeti haukomi mpaka utoe. Mnunuzi mmoja wa madini alijaribu kupita bila kugeuka, wakamfuata kwa wimbo hadi mlangoni pa depo lake, na watoto nyuma wakiitikia. Akatoa dola, akacheka, akaomba waimbe tena mbele ya jirani yake. Jumatatu mchana mama alikuwa kwake, anakula bukari na sombe.

Ndiyo maana hunichekesha ninaposikia huruma ya watu maskini ikisifiwa kwa sauti ya upole, kama kitu kinyonge. Ya kwetu ina uchokozi ndani yake. Inakufuata hadi mlangoni.

Na haikuzaliwa jana. Wazee wetu walilelewa na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali: hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, unga wa kampuni. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, kampuni nayo ikafuata kuporomoka, na mtu akabaki na jirani yake. Kitu pekee kilichosimama wima ni kilio cha msiba. Mtu akifa, hakuna wa kuambiwa afanye nini: kuni zinakuja, viti vinakuja, kwaya inakuja, kikapu cha mchango kinawekwa mlangoni. Tulichofanya sisi ni kukihamisha kikapu hicho, kikae mbele ya kifo badala ya nyuma yake.

Sasa niseme kinachotushinda.

Katika daftari, ugonjwa ninaouandika kwa urahisi ni ule wenye jina: mfupa uliovunjika shimoni, malaria, kujifungua. Halafu kuna kurasa za kikohozi. Kikohozi cha mtoto, kikohozi cha bibi ambaye hajawahi kushika sururu, pumzi inayobana usiku. Daftari langu si utafiti, na mimi si daktari. Ila mkono unaoandika neno moja mara nyingi huanza kuuliza maswali.

Unaijua historia ya mtaa huu. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba shimo katika lupango lake, akakuta jiwe jeusi lenye kobalti. Baada ya muda mfupi watu wakachimba uani, wakachimba jikoni, wakachimba chini ya vitanda vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, mamia ya familia yakahamishwa, na kampuni ya Congo Dongfang Mining ikapewa haki ya kununua yanayotoka humo. Ukuta huzuia watu. Vumbi halijawahi kuombwa kitambulisho.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu na Profesa Benoit Nemery wakiwemo, walichapisha walichokipima hapa hapa Kasulo. Walichukua mkojo na damu ya wakazi 72, kati yao watoto 32, wakachukua na vumbi la majumbani. Mkojo wa watoto wetu ulikuwa na kobalti mara kumi zaidi ya ule wa watoto wanaoishi pasipo machimbo, na katika miili yao zilionekana dalili kwamba chembe za urithi zinadhurika. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa Lubumbashi, ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini wako katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili.

Mimi haya niliyapata kwa kijana wetu mwanafunzi, aliyetusomea kwenye simu yake uani kwangu, akitoa Kiingereza kukipeleka Kifaransa, na Kifaransa kukileta Kiswahili. Alipofika kwenye “mara kumi”, mama mmoja akamkatiza: “Mara kumi ya nini?” Kijana akaeleza. Mama akanyamaza kidogo, akauliza tena: “Na wangu alikuwa kati ya hao 32?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Vumbi letu lilikuwa limefika Ulaya, likaandikwa, likasomwa na mabwana wanaotengeneza magari ya umeme, ndipo likarudi Kasulo kwa njia ya simu yenye kioo kilichopasuka.

Ninachoomba, Mama Gavana, ni kimoja, ingawa kina miguu miwili. Jimbo litume watu watupime tena, watoto wa Kasulo na wa mitaa mingine inayopakana na machimbo, kila baada ya muda unaojulikana. Na majibu yasomwe hapa kwanza, kwa Kiswahili chetu, na watu wanaojua kutukusanya.

Fedha sitaki kujifanya sijui zilipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imesema wazi: kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka, na katika mrabaha wa madini asilimia 25 ni ya jimbo na 15 ni ya miji, komini na sekta ambako yanachimbwa. Kobalti imewekwa kati ya madini ya kimkakati, yanayotozwa mrabaha wa asilimia 10. Kupima mkojo wa watoto mia chache si gharama ya kumtoa jasho mtu anayesimamia hesabu hizo. Sisi tumemkomboa mama wa watu kwa mikate na pipa lenye ngozi ya mbuzi.

Mguu wa pili ndio ninaoogopa utapuuzwa. Kampeni za afya zimeshapita huku. Hufika na gari lenye spika, fulana zinagawiwa, vijana wetu wanaajiriwa siku mbili kuimba maneno yaliyoandikwa ofisini kwa Kifaransa na kugeuzwa Kiswahili ambacho hata mtunzi wake hakiongei nyumbani. Watu hucheka pasipo kichekesho. Wimbo unasema nyunyizieni maji uani kabla ya kufagia, na mama mmoja nyuma anajibu: maji gani, haya ninayoyanunua kwa bidoni? Mwimbaji hana ubeti wa kumjibu, kwa kuwa hakuutunga yeye.

Mchezo wa kuigiza ulioundwa na wakazi wenyewe huanzia kwenye bidoni hiyo. Katanga yetu ya zamani ndiyo iliyozaa kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, lililocheza kwa Kiswahili chetu redioni na kwenye televisheni, na watu wakajiona mle walivyo. Ndiyo iliyomlea mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeishi Kolwezi miaka ya sabini na kuichora historia ya nchi nzima kwenye magunia ya unga. Na ugonjwa wa Ukimwi ulipoingia, mwanamuziki wetu Franco alitoa wimbo wa kuonya mwaka 1987. Miaka miwili baadaye, nchini Uganda, mwimbaji Philly Lutaaya alisimama mbele ya watu akasema ninao mimi, akazunguka makanisa na shule mpaka nguvu zikamwishia. Yeye alikuwa na kitu ambacho kampeni ya fulana haina: habari ilikuwa ya mwili wake. Sisi habari ya miili yetu imefungiwa katika karatasi.

Najua kuna watakaokunong’oneza kwamba ukisoma namba hizo hadharani utawatia watu hofu, wataichukia kobalti, bei itaanguka. Waambie bei huanguka bila kutuuliza. Kobalti sisi tumeila, tumesomesha watoto kwayo, na hakuna katika daftari langu aliyeomba migodi ifungwe. Mchimbaji akiambiwa avue nguo za shimoni kabla ya kumbeba mwanawe, ataelewa. Mama akiambiwa magunia ya mawe yasilale chumba kimoja na watoto, atatafuta pa kuyaweka. Lakini mtu hawezi kumwaga maji ya kununua kila asubuhi, mwaka mzima, bila kuambiwa kama yamepunguza kitu. Mtupime kabla, mtupime baada. Namba ikishuka, hata kwa kidogo, nakuhakikishia itaimbwa hadi soko la madini la Musompo.

Na ikipanda, vilevile tuambieni.

Vijana wa karindula wameungana na kwaya wakatengeneza mchezo. Kuna mama anayefagia uani kukavu, watoto wanaoruka juu ya magunia, baba anayerudi na nguo zake jinsi zilivyo, na bibi anayekohoa kila mtu anapotaka kusema jambo la maana, na huyo ndiye anayewavunja watu mbavu. Mwishoni anaingia daktari ameshika karatasi. Wamejaribu kumwandikia maneno wakashindwa, maana namba za mwaka 2018 ni za watoto ambao leo wamebalehe, na hawa wanaoruka juu ya magunia hakuna aliyewapima. Kwa hiyo kila wanapocheza, daktari anafungua karatasi, anaitazama, anaikunja, anatoka. Watu hupiga kelele: “Utusomee!” Mara ya kwanza nilidhani wanacheka.

Mazoezi ni kila Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri, uani kwangu. Kiti chako nitakiweka kivulini, Mama, na nitanyunyizia maji kabla hujafika.

Mweka daftari,
Kasulo, Kolwezi