Tangi la Samaki Si Pazia la Sebuleni

Leo tunaomba tuweke cherehani pembeni kidogo, tuzungumze jambo linaloingia majumbani mwetu kwa kasi: tangi la kioo la samaki. Mtu anapamba sebule, ananunua pazia, zulia na tangi. Siku hiyo hiyo analijaza maji, anatia samaki sita na kupiga picha. Wiki ya pili samaki wamekufa, tangi liko tupu juu ya kabati.

Rai yetu ni hii: tangi si pazia. Ni nyumba ya viumbe, na nyumba hutayarishwa kabla wenyewe hawajahamia. Maji kwanza, kisha mimea, kisha chakula. Mlaji aje mwisho.

Na tusiseme haya si mambo yetu wanawake. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kufuga viumbe wa majini ndani ya tangi la kioo ili kuwachunguza, mwaka 1832, ni fundi wa nguo mwenzetu. Jeanne Villepreux-Power, binti wa fundi viatu wa Ufaransa, alikwenda Paris akiwa kijana akafanya kazi ya ushoni, na gauni la harusi la binti wa kifalme la mwaka 1816 lilipita mikononi mwake. Alipoolewa alihamia Sicily. Huko akamweka kwenye tangi mnyama wa jamii ya pweza anayeishi ndani ya gamba jembamba, akathibitisha kwamba gamba lile analitengeneza mwenyewe, wala hamnyang'anyi mwenziwe kama wengi walivyodhani. Aliyajua hayo kwa sababu alikaa akatazama na hakuwa na haraka.

Tuanze na maji. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo mimea huila. Bakteria hawa kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Kwa hiyo weka mchanga, panda mimea, tia punje chache za chakula cha samaki zioze humo, kisha subiri. Vipimo vya maji vikionyesha amonia 0 na naitriti 0, hapo nyumba iko tayari. Maji ya mfereji yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Maji ya kisima yaonje, na yakiwa na chumvi, yaache.

Mgeni wa kwanza tunayempendekeza si samaki. Ni uduvi mwekundu wa maji baridi, ambaye asili yake ni Asia ya Mashariki. Huyu si wa kuungia nazi, jamani! Ana urefu wa sentimita 2 au 3, anakula utando wa kijani unaoota juu ya mimea, na kipande cha mchicha uliochemshwa kwake ni karamu. Tena maji yetu yanamfaa. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, ndiyo maana birika la chai linafanya ukoko mweupe. Chokaa hiyo hiyo uduvi anaihitaji kujenga gamba jipya kila anapojivua la zamani. Jike hubeba mayai kama 20 au 30 chini ya tumbo lake kwa karibu mwezi mmoja, na watoto wakitoka hujificha kwenye majani. Wapo uduvi wengine wa mistari myeupe na myekundu, wazuri wa kutazama, lakini wanataka maji laini. Msiwanunue kwa rangi tu.

Adui mkubwa wa uduvi nyumbani mwetu ni dawa ya mbu ya kupuliza. Tone dogo likiingia majini, wote wanakwisha. Dawa za samaki zenye shaba nazo ni hivyo hivyo.

Na umeme je? Tunaikumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Tangi lenye mimea mingi na viumbe wachache, likiwekwa karibu na dirisha pasipopigwa na jua kali, huvumilia umeme kukatika kuliko lile lililojaa samaki na linalotegemea pampu.

Ukitaka kuongeza samaki wadogo, anza kufuga chakula chao kabla hujawanunua. Chukua ndoo ya lita 20, uiweke nje mpaka maji yawe ya kijani, utie dafnia, vijidudu vya majini vinavyorukaruka kama viroboto. Walishe hamira kidogo mno iliyokorogwa, maji yawe na ukungu tu. Ukungu ukiondoka ndipo utie tena. Ndoo ifunikwe vizuri kwa kipande cha chandarua, kwani mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye maji yaliyotuama kwenye vyombo vyetu. Ndani unaweza kuwa na kopo la uji mzito wa oti uliopoa, wenye chembe ya hamira na minyoo midogo sana, ambayo hupanda ukingoni ukaifuta kwa kidole. Mbegu ya vyote viwili huombwa kwa shoga anayefuga, na wewe utampa mwingine.

Wapo watakaosema huu ni ubadhirifu. Tunawaheshimu, lakini ubadhirifu tunaouona sisi ni kununua samaki kila mwezi na kuwatupa. Tunakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Samaki ndani ya kioo hana pa kwenda kujitafutia. Ukimfungia, riziki yake imepitishwa mikononi mwako.

Jambo la mwisho ni la kisiwa chetu. Ukichoka na tangi, usimwage viumbe wake kwenye mtaro, dimbwi wala chemchemi. Unguja ina samaki wake mdogo ambaye wataalamu wanamwita Nothobranchius guentheri. Anaishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai hubaki ndani ya tope yakingoja mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamtunza na kumlisha dafnia kila siku, na sisi wengi wetu hata hatujui kama yupo. Samaki wa kigeni akitupwa kwenye dimbwi lake anaweza kumla au kumnyang'anya chakula. Mpe jirani, au mrudishe ulikomnunua.

Basi, dada zetu, mwenye hamu ya tangi mwezi huu anunue mimea na ndoo. Uduvi wataletwa mwezi ujao, inshaallah, na watakuta nyumba yao tayari.

Wabillahi tawfiq.