Umejenga Wapi? Sijajenga, na Sijengi

Ukishavuka miaka thelathini na tano huku una mshahara Dar es Salaam, maswali ya harusini na misibani hubadilika. Hawakuulizi tena utaoa lini au utaolewa lini. Wanakuuliza umejenga wapi. Jibu lenye heshima ni jina la mahali: Goba, Bunju, Mapinga, Chanika, Kibaha, Kigamboni ya ndani huko ambako daladala hugeuzia. Hata kama ulichonacho ni msingi uliofunikwa na majani, utapewa mkono wa pongezi: angalau umeanza. Ila thubutu kusema umenunua chumba kimoja kikubwa, jiko pembeni, bafu lake ndani, ghorofa ya tatu, Upanga. Shangazi atakutazama kama mtu aliyetapeliwa. Hela yote hiyo, chumba? Mwanangu, umenunua hewa.

Shangazi namheshimu, lakini hapa nambishia. Imani kwamba mtu mzima ni yule aliyeinua tofali kwenye kiwanja chake, na kwamba kinachouzwa ghorofani ni hewa, imepitwa na sheria za nchi na inakula miaka ya nguvu ya watu wengi. Mwenye watoto wanne na mama mkwe aendelee na ujenzi wake, simzuii. Nawasemea wale ambao nyumba yao ni mtu mmoja au wawili: binti wa ofisini, mjane, mstaafu ambaye watoto wametawanyika, kijana asiye na haraka ya ndoa. Hao nao tunawasukuma wakajenge vyumba vinne na sebule ya kuchezea mpira, kwa sababu tu ndivyo wenzao walivyofanya.

Namjua muuguzi mmoja anayefanya kazi Upanga na kulala Chanika. Akiwa na zamu ya asubuhi huamka saa kumi usiku. Chanika, Pugu, Gongo la Mboto, Tazara, kisha mjini. Siku ya foleni ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na siku zisizo na foleni anazihesabu kama sikukuu. Piga hesabu nami. Saa nne kwa siku, siku 22 za kazi kwa mwezi, miezi 11 ukiondoa likizo: saa 968. Ni siku 40 na kidogo, usiku na mchana, ndani ya daladala. Kila mwaka huyu dada anakaa arobaini yake mwenyewe barabarani, halafu tunamwita mwenye nyumba.

Na nyumba yenyewe nimeiona. Ina vyumba vitatu, sebule na uzio wa tofali. Sebuleni kuna maboksi ya vigae yanayomsubiri fundi ambaye simu yake haipatikani. Chumba cha pili kimejaa mabaki ya mbao na mifuko miwili ya saruji iliyokwisha kuganda. Cha tatu hakina dari. Anapoishi hasa ni chumba kimoja: kitanda, jiko la gesi kwenye kona, meza, bafu. Kwa maneno mengine anaishi studio, ila studio yake iko Chanika na ameizungushia uzio wa mamilioni.

Watetezi wa ujenzi husema kujenga ni rahisi kwa sababu unadunduliza. Mwaka huu msingi, mwakani boma, ukipata mkopo wa SACCOS unapaua, ukipata bonasi unapiga plasta. Kudunduliza hakupunguzi gharama, kunaificha tu. Nondo zilizosimama mvua mbili zina kutu. Tofali ulizofyatua zinaondoka tano tano kwenda kwa jirani. Mlinzi uliyemweka kwenye boma amepanda mahindi, ameleta mke, na sasa ukitaka kuendelea na kazi inabidi umlipe nauli ya kuhama. Bikoni ya kaskazini imesogea yenyewe, eti. Bado nguzo ya umeme, bado kisima au boza la maji, bado kifusi cha barabara ambayo mvua za masika huirudisha bondeni. Hakuna anayejumlisha, na nadhani hatujumlishi kwa makusudi. Ukijumlisha nauli, mshahara wa mlinzi, fundi wa kwanza aliyeharibu na wa pili aliyebomoa alichofanya wa kwanza, utagundua hewa ya Upanga haikuwa ghali kama ilivyosemwa.

Wastaafu ndio wanaoniuma zaidi. Mtu amepanga mjini miaka thelathini, kiinua mgongo kinatoka, na siku hiyo hiyo anaanza kuchimba msingi wa vyumba vitano kilomita arobaini kutoka hospitali anayotibiwa presha. Wengi wanaishia kwenye linta. Wachache wanaohamia wanakaa wawili, bibi na babu, wakifagia vyumba visivyolaliwa na mtu.

Turudi kwenye hewa, maana imani hii ina chimbuko na si la kipuuzi. Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na maghorofa mengi ya katikati ya jiji na Upanga yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, ofisi ambayo baadaye, mwaka 1990, iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa kizazi cha wazazi wetu, fleti ilikuwa kitu cha kupewa kwa barua, kulipiwa kodi ndogo, na kuachiana funguo kimyakimya ndani ya ukoo. Ilikuwa ya kupanga. Cha kumiliki kilikuwa kiwanja. Na hata kama ungetaka kuwa na hati ya ghorofa ya tatu peke yake, mbali na jengo lililobaki, hapakuwa na sheria mahsusi ya kukupa. Aliyesema unanunua hewa mwaka 1985 alikuwa sahihi kabisa.

Lakini Bunge lilitunga sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo mwaka 2008. Ndiyo iliyoleta kile ambacho maofisa ardhi wanakiita hati pacha. Chumba chako kinapimwa, kinachorwa, kinasajiliwa, nawe unapewa hati yako ambayo unaweza kuiuza, kuiweka rehani au kuirithisha bila kumwomba ruhusa jirani wa ghorofa ya kwanza. Pamoja nayo unapata fungu lako katika mali ya pamoja: ngazi, paa, maegesho, na ardhi iliyo chini ya jengo. Kwa hiyo shangazi, udongo ninao. Ni mdogo, nimechangia na wenzangu, lakini upo kwenye karatasi ya serikali.

Na huyo anayetucheka kutoka kwenye kiwanja chake, ana nini? Umiliki wa moja kwa moja uliofutwa mwaka 1963 haukurudi tena. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachopewa ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, au 66, au isiyozidi 99, kwa masharti yaliyoandikwa. Hiyo ni kwa mwenye hati. Wengi pembezoni mwa jiji hawana hata hiyo. Wana leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, yenye sahihi za mashahidi wawili ambao mmoja amehamia Tunduru. Halafu mwenye karatasi hiyo anamwambia mwenye hati pacha kwamba kanunua hewa.

Anayedhani kiwanja hakiondoki awaulize wa Kimara. Mwaka 2017 nyumba kando ya Barabara ya Morogoro zilichorwa X na kubomolewa kupisha upanuzi, na waliokuwamo walikuwa watu wazima waliojenga, wenye sebule, wenye grili, wenye miembe iliyozaa. Bonde la Msimbazi nalo limekwishabomolewa nyumba zaidi ya mara moja. Sifurahii yaliyowapata. Nasema tu kwamba usalama wa mali uko kwenye usahihi wa hati na mipango miji, na mtu aliyenunua chumba halali katikati ya eneo lililopimwa zamani analala vizuri kuliko aliyenunua robo eka kwa maneno ya dalali.

Kuna wanaoniambia ghorofa huanguka. Ni kweli, na hili silipiti juu juu. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, lenye maduka na watu ndani. Mtu anayenunua ghorofani bila kuuliza kibali cha ujenzi kilitolewa kwa ghorofa ngapi, na zilizosimama ni ngapi, anacheza na roho yake. Uliza mkandarasi ni nani na kama yuko kwenye daftari la bodi yake. Ukijibiwa kwa hasira, umekwisha kujibiwa.

Maana wauzaji nao si malaika, na madalali wa vyumba hivi wana ulimi wa asali. Wapo wanaouza kwenye mchoro: picha ya bwawa la kuogelea, mzungu anakunywa juisi kibarazani, na kiwanja chenyewe bado kina gereji. Wapo wanaokuuzia chumba wakati hati ya kiwanja kizima iko benki kwa mkopo wa jengo, na siku benki ikija mkataba wako utautumia kufungia maandazi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata shilingi ya kuonesha nia. Kama jengo limesimama miaka mitano na hakuna hata mwenye chumba mmoja aliyepata hati pacha, ondoka. Uliza mchango wa mwezi wa lifti, jenereta, mlinzi na pampu ni kiasi gani, nani anaupanga, na umoja wa wamiliki ulikutana lini mara ya mwisho. Jengo ambalo wamiliki hawakutani litakuwa na lifti iliyokufa kabla hujamaliza kununua mapazia.

Mkopo wa benki simshauri mtu kwa hiki chumba. Riba ya mikopo ya nyumba hapa kwetu imezoea kuwa kati ya asilimia 15 na 19, na kwa miaka ishirini utalipa vyumba vitatu upate kimoja. Hela ya kununulia ni ile ile ambayo ingekwenda kwenye boma: akiba, kiinua mgongo, bei ya kile kiwanja cha Mapinga ambacho kila Desemba unakwenda kukifyeka na kurudi. Malipo ya awamu kwa muuzaji aliyekwisha kukamilisha jengo nayo yanazungumzika. Na kama hela hiyo haipo, panga. Kupanga chumba Upanga ni bora kuliko kumiliki foleni.

Kuhusu utulivu, tumelishwa picha kwamba uko nje ya mji, kwenye hewa safi, wenye kuku na ndege. Aliyewahi kulala Jumamosi kwenye mitaa mipya ya pembezoni anajua kilichopo: kigodoro hadi alfajiri upande mmoja, spika za mkesha upande wa pili, na baa ambayo leseni yake inasema duka la vinywaji. Upanga saa mbili usiku, ofisi zikishafungwa, husikii sana zaidi ya kunguru wanaogombea matawi na geti la jirani. Mitaa ile ilipimwa ikiwa na miti, njia za miguu na nyumba zenye nafasi kati yake. Studio ya mita thelathini za mraba ndani ya mtaa kama huo ina uwanja mkubwa kuliko jumba lililobanana na uzio wa jirani, maana ukifungua mlango mtaa mzima ni kibaraza chako: duka la dawa, msikiti, kanisa, muuza matunda, bahari kwa miguu.

Pingamizi la mwisho ndilo hasa lililo moyoni mwa watu, na wengi huona haya kulitamka. Wageni watalala wapi? Na msiba utauweka wapi? Hapo ndipo sebule ya watu arobaini inapotokea kwenye ramani. Tunajenga kwa ajili ya siku ambayo ukoo wote utashuka kutoka Moshi, Songea na Bukoba na mifuko yao.

Mimi ukoo naupenda, lakini hesabu yake naikataa. Mgeni wa kawaida anakuja mara moja kwa mwaka, analala siku tatu, na godoro la ziada linamtosha. Akija na familia, nyumba ya wageni nzuri kwa wiki nzima ni sehemu ndogo sana ya kile tulichomwaga kwenye vyumba vinavyofungwa. Msiba nao, waulize wazee wa Kariakoo, ambao wameishi vyumba vya kupanga maisha yao yote na kuzika vizuri tu. Turubai linafungwa mtaani au kwenye maegesho, majamvi yanatoka msikitini, viti vinatoka kanisani au kwa mkodishaji, mapishi yanafanyika uani kwa jirani. Sijawahi kusikia maiti Kariakoo aliyekosa waombolezaji kwa sababu sebule ilikuwa ndogo. Huko mbali je? Nimehudhuria misiba ambayo nusu ya watu waliishia kutuma rambirambi kwa simu, kwa sababu kufika kwa marehemu kulihitaji bodaboda mbili na kuvuka mto ambao siku hiyo ulikuwa umejaa.

Shangazi bado hajakubali. Juzi alikuja kliniki hapa mjini, konda wa daladala akamshusha mbali, akapiga simu kuuliza kama anaweza kupumzika kwenye ile hewa yangu mpaka jua lipungue. Nimemwambia ufunguo uko kwa mlinzi, na asisahau kuvua viatu.