Ukimcheka aliyetapeliwa, unamsaidia tapeli

Ukisikia shosho wa mtu ametumia tapeli pesa kwenye M-Pesa, wewe huwa unacheka? Mimi nilikuwa nacheka. Sisi watoto wa mjini tumekua na simu mkononi, kwani nani atatudanganya?

Basi siku moja nikapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa beste niliyesoma naye. Kuna kazi ya mtandaoni, unafanyia nyumbani, nafasi zimebaki mbili. "Nimeshakuandikisha, nitumie zile tarakimu sita umepata kwa SMS." Wakati huo nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili. Sikufikiria, nikatuma.

Dakika chache baadaye nikafungiwa nje ya akaunti yangu. Mkora akaanza kuwaomba marafiki zangu elfu mbili mbili kwa jina langu. Beste yangu naye hakuwa ameniandikia chochote; akaunti yake ilikuwa imetekwa hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilielewa kwamba tapeli hatafuti mjinga. Anatafuta mwenye shida na haraka, na hao tumejaa hapa Nairobi. Ndiyo maana ujumbe wake hukukimbiza: laini itafungwa, ofa inaisha leo, nafasi ni mbili tu. Ukiona unaharakishwa, weka simu chini kwanza. Kama ni rafiki anaomba, mpigie usikie sauti yake.

PIN yako na nambari za kuthibitisha zinazokuja kwa SMS ni zako peke yako, hata anayeuliza akiwa na sauti tamu namna gani. Safaricom hupigia wateja kutoka 0722 000 000. Nambari nyingine ikijiita Safaricom, kata, kisha uitume bure kwa 333. Mtu akidai amekutumia pesa kimakosa, angalia salio, usiamini SMS. Hata ukizipata kweli, usimrudishie mwenyewe; mwambie apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456. Na leo hii, ingia kwa WhatsApp uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Ningekuwa nao, zile tarakimu sita pekee hazingemtosha.

Sheria tunayo. Ile ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018 inasema ukipatikana na hatia ya ulaghai wa aina hii, ni faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini polisi watamtafuta nani kama sote tumenyamaza?

Mimi nilinyamaza siku mbili. Niliona haya, nikajua nitachekwa vile nilivyokuwa nikiwacheka wengine. Marafiki wawili walituma pesa siku ya kwanza. Wa tatu alituma siku ya pili, na hizo zilikuwa za chakula cha mtoto wake. Ningekuwa nimepiga simu moja tu, ama niandike kwenye grupu, "Huyo si mimi," hangetuma.

Kwa hivyo likikupata, sema siku hiyo hiyo, kwa sauti. Na mwenzako akikuambia yamempata, usimuulize alikuwa anafikiria nini. Muulize ni nani mwingine anafaa kuambiwa sasa hivi.