Mbwa wa Ploti Ana Wenyewe

Mbwa wa ploti ni yule anayelala mbele ya vyumba kumi huku akiwa hana mwenyewe hata mmoja. Yuko Nairobi, mtaani Kibera, kule Makina na Laini Saba. Yuko Kawangware, kule Gatina na Kabiro. Yuko popote nyumba za mabati zilipokaa kuzunguka uga mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo na choo kimoja. Hakununuliwa wala hakualikwa. Aliingia siku moja akiwa kijibwa chenye mbavu za kuhesabika, akatupiwa mabaki ya samaki wa mgongo wazi, akakaa.

Majina yake ni mengi kuliko ya mpangaji yeyote. Chumba cha kwanza humwita Simba, cha nne humwita Askari, na watoto wa chumba cha mwisho humwita Chapati. Huitikia yote, mradi jina lije na mfupa. Anajua ni nani hupika matumbo Jumamosi. Asubuhi huwasindikiza watoto hadi langoni mwa shule. Humbwekea ajenti wa kodi kila mwisho wa mwezi, ilhali humtikisia mkia muuza maji wa mkokoteni. Usiku huwa mlinzi wa wote, na hapo kila mpangaji husema kwa fahari, "Mbwa wetu."

Siku ya chanjo ikifika, maneno hubadilika. Chumba cha kwanza husema mbwa ni wa chumba cha nne. Cha nne husema alikuja na mpangaji aliyehama. Maneno hayohayo husikika choo kinapofurika, mtaro unapoziba na balbu ya uga inapoungua. Dhiki ya mitaa hii ina vyanzo vikubwa: ujira mdogo, kodi isiyongoja, maji yanayonunuliwa kwa mtungi. Lakini ipo hasara nyingine inayozaliwa ndani ya ploti yenyewe, pale kitu kinapotumiwa na wote na kila mmoja akamngoja mwenzake akitunze.

Kwa upande wa mbwa asiyechanjwa, hasara hiyo huua. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi, na hadi leo bado kipo nchini. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra sana apone. Takriban asilimia 99 ya wanaougua ugonjwa huu huambukizwa na mbwa, na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mikono yao ndiyo ileile inayompapasa Chapati kila asubuhi.

Hesabu ya fedha nayo iko wazi. Mtoto akiumwa, huhitaji sindano kadhaa kwa tarehe maalum. Mama anayetoka Kawangware kwa miguu kwenda kufua nguo Lavington hupoteza kibarua kila tarehe ya sindano, na chanjo ikikosekana katika zahanati ya umma, hulazimika kuinunua. Mbwa huchanjwa mara moja kwa mwaka. Gharama hiyo ikigawanywa kwa vyumba kumi, hakuna chumba kitakacholala njaa kwa ajili yake.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kenya nayo ina mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu, ulioanza mwaka 2014 na kulenga 2030. Mpango huo hauwezi kufika uani bila wapangaji. Kwanza, katika kila ploti achaguliwe mtu mmoja ambaye jina lake litaandikwa kwenye kadi ya chanjo. Pili, mchango uingie katika daftari, kama ule wa chama. Tatu, taka zisitupwe ovyo, kwa kuwa jaa ndilo huita mbwa wageni. Nne, mbwa wasitegwe kwa sumu, kwani nafasi ya aliyechanjwa hujazwa na asiyechanjwa. Tano, anayeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupakwa pilipili wala mafuta, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kabla haijafika, kila ploti ya Kibera na Kawangware ijiulize Simba ni wa nani, na jibu liwe jina la mtu lililoandikwa kwenye kadi. Likishaandikwa, ukurasa unaofuata wa daftari lile uwe wa choo.