Sifuri ya Kinakomba

Nimekuwa kimya siku kadhaa, kazi ilinibana. Leo nina jambo linalonikera. Kila nikitaja watoto wa shule kutoka nje na kuhesabu wanyama na ndege huko Kinakomba, Tana River, jamaa ninaofanya nao kazi huuliza hapo hapo, "Watatumia programu gani ya simu?"

Mimi nasema waanze na daftari. Ndiyo, mimi mwenye digrii ya kompyuta!

Misitu ya kando ya Mto Tana, sehemu za chini, ina mbega wekundu na mangabi wasiopatikana popote pengine duniani. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Lakini misitu yenyewe ni vipande vipande, na huishi kwa mafuriko ya mto, ambayo mabwawa ya juu kama Masinga (1981) yameyabadilisha. Kwa hiyo kujua kwamba mbega wapo hakutoshi. Kipande hiki cha msitu, mwaka jana walionekana mara ngapi? Mwaka huu je?

Hapo ndipo iNaturalist, ambayo naipenda na ipo tangu 2008, inapokwama. Inapokea ulichokiona. Ukitembea saa nzima usimwone mbega, huna cha kutuma. Sasa, mwanaprogramu yeyote anajua sifuri si sawa na nafasi tupu. Tupu maana yake hakuna aliyekwenda. Sifuri maana yake watoto walikwenda, wakatazama, wakakosa. Kenya Bird Map inakaribia zaidi: unaorodhesha ndege wote uliowatambua kwa saa mbili au zaidi ndani ya mraba wa kilomita 9 hivi kwa 9, hivyo hata ndege aliyekosekana anasema kitu.

Daftari la kupigwa rula linatosha: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, njia ile ile kila wiki, jina kwa Kipokomo au Kiorma kama mtoto anavyolijua (la Kilatini mwalimu atatafuta baadaye), na idadi. Idadi isiachwe wazi hata siku moja. Mwalimu na mzee mmoja wa kijiji wawe nao, maana mto una mamba. Jioni, simu moja ya mwalimu itaingiza yote.

Niliwahi kuandika fomu ya takwimu iliyokataa sifuri, eti ni kosa la mtumiaji. Naona aibu mpaka leo. Mwezi huu naandika nyingine, ndogo, isiyohitaji mtandao, na kitufe chake kikubwa kuliko vyote kitasomeka: HATUKUONA.